Ng'ombe Watano Waliokuwa kwa Watu

Barua yangu ya kuomba kustaafu kwa hiari niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilisomeka kama malalamiko. Ya tatu niliichana kwa sababu ya neno "hatimaye", ambalo niliona linaweza kumkwaza mkurugenzi. Ya nne ilikuwa na mistari mitatu, na sidhani kama kuna aliyeisoma. Waligonga muhuri tu. Nawaambia haya ninyi mnaobaki ofisini ili mjue mnasoma maandishi ya mtu wa namna gani. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Babati zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki siku niliyofunga mlango wa ofisi bila kurudi kuuvuta tena kuhakikisha.

Mmeniomba niandike juu ya kesi za wazee, kwa kuwa siku hizi ndizo zinazojaza benchi la nje. Vyeo na semina nitaviacha, mafaili yanavyo. Nitakaa zaidi kwenye kesi moja, ya mwanzo kabisa, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu nilikaribia kumuua mtu kwa karatasi iliyojazwa vizuri.

Nilifika Babati nikiwa nimetoka chuoni, mkoa wa Manyara ukiwa mpya kiasi kwamba hata waliokuwa wakiuhudumia walijisahau wakasema "mkoani" wakimaanisha Arusha. Mafaili yalikuwa yanakuja kwa lori, yamefungwa kwa kamba za katani, na nusu yake hayakuwa yetu. Ofisi ilikuwa chumba cha kuazima chenye meza mbili kwa watu wanne. Barua zilitoka na kichwa kipya cha Manyara na muhuri wa zamani wa Arusha, jambo ambalo lilinitesa. Nilijiona mahakamani, hakimu akiniuliza nilikuwa mtumishi wa mkoa gani nilipoisaini barua ile. Nilipomweleza Mama Eliza hofu hiyo aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "watu wanataka muhuri wa duara. Wakiuona, wanakunja karatasi yao wanakwenda."

Mama Eliza alikuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii, Mwiraqw wa kutoka nyanda za juu za Mbulu, aliyeijua Babati tangu ikiwa wilaya tu. Hakuwa na digrii. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa mwavuli, kanga ya ziada, na tabia ya kukaa. Akifika kwenye kaya alikaa kwanza, akauliza mvua, akauliza mbaazi zimechanuaje, akauliza yule mbuzi aliyekuwa anaumwa. Mimi nilikuwa na fomu ya kurasa nne niliyojifunza chuoni, na saa. Nilikuwa nasimama pembeni nikihesabu dakika zinazopotea kwenye mbaazi. Hakuna jambo nililolifikiria kidogo siku zile. Nilifikiria hata namna ya kubisha hodi. Lakini kuuliza mtu aliyejua, hilo niliogopa, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba sijui.

Mwezi wangu wa pili aliingia ofisini mtu anaitwa Paskali, fundi magari kutoka Arusha, mwenye mikono iliyooshwa kwa haraka. Wazazi wake walikuwa kijijini Mutuka. Baba yake, Mzee Bura, alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, upande wa kulia umelala. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Walizaliwa watatu: yeye mkubwa, dada yake Martina aliyeolewa Dongobesh, na Daniel, kitinda mimba. Kwa desturi ya Wairaqw, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na boma na ndiye anayebaki na wazazi. Lakini Daniel alikuwa amekwenda migodini Mererani kutafuta tanzanaiti, jiwe la bluu, na kwa muda mrefu hapakuwa na habari zake wala za jiwe.

Paskali hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu nyakati zile nilimwona mbaya, na ninyi mtawaona wabaya wengi kama yeye. Alikuwa anaogopa. Alisema kila simu ikipigwa pale gereji anadhani ni habari ya msiba. Hajui atatoa nini na mpaka lini, na kama atatoa peke yake wakati boma atarithi mwingine. Alitaka serikali imwambie kitu cha uhakika. Alikuwa amekuja mahali penyewe, maana mimi pia nilikuwa nautafuta uhakika usiku na mchana.

Nilikwenda Mutuka peke yangu, na fomu yangu. Mama Eliza alikuwa kwenye msiba Dareda, na nilijisikia afadhali kwamba hayupo kunitazama. Nikamkuta Mzee Bura amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, mwanga ukimfikia, na mkewe, Mama Paskali, akichambua maharage kwa vidole. Niliamkia, nikaitikiwa, nikakaribishwa kiti. Nikaanza kuuliza ukurasa wa kwanza.

Nani anaishi nanyi hapa? Hakuna, alisema mama. Nani anapika? Wanakuja. Nani hao? Akacheka kidogo, akasema watu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja, "Jina la mlezi", wenye nafasi ya kutosha majina mawili ya mtu mmoja. Nikaandika: Hakuna.

Ndugu zangu, madumu ya maji yalikuwa yamejaa. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Mzee alikuwa amenyolewa ndevu, na shuka lake lilikuwa safi. Mtu mwenye kiharusi na mtu asiyeona hawawezi kufanya hayo. Niliyaona yote kwa macho yangu, nikaandika kwenye maoni: "Mazingira ni safi."

Kwenye ukurasa wa tatu nikauliza mifugo. Mzee Bura, ambaye maneno yake yalitoka taratibu kutokana na mdomo kuvutika, alisema ana ng'ombe watano, wako kwa watu. Desturi hiyo mtaikuta sehemu nyingi huku. Mtu anaweka ng'ombe wake kwa rafiki au jirani, yule anamtunza, anakunywa maziwa, anachukua samadi, na ndama wakizaliwa wanaelewana. Nilimuuliza watarudi lini. Aliniangalia kama vile nimemuuliza majirani watarudishwa lini.

Lakini mimi nilikuwa tayari nimeshafurahi. Nilirudi ofisini nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ng'ombe wote wakusanywe nyumbani. Wawili wauzwe mnadani: hapo patapatikana mshahara wa msichana wa kuwatunza wazee, dawa za presha, godoro zuri. Watatu wabaki zizini kwa maziwa. Nilipiga gharama za mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilihesabu mpaka ndama ambao hawajazaliwa. Ulikuwa mpango mzuri sana. Bosi wangu aliupenda, akawaonyesha wageni kutoka wizarani kama mfano wa kupanga uzee mapema.

Kikao cha familia tulikifanya pale pale chumbani kwa mzee. Martina alikuja, akakubali haraka kwa sababu alikuwa ameacha mtoto mgonjwa. Paskali alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'ombe akiwa kwa mtu, njia ya kwenda kwake haioti nyasi."

Kwenye muhtasari wa kikao niliandika: "Mzee alitoa maoni."

Paskali aliwakusanya wanne peke yake. Wa tano aliniomba twende wote, kwa sababu alikuwa kwa Mama Zuhura, mjane mwenye duka Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, na Paskali alimwogopa tangu utotoni. Mama Zuhura alikuwa Mwislamu wa watu wa Kondoa, mwanamke mnene, mpole wa sauti. Tulifika duka limejaa. Paskali alieleza akitazama mizani. Mama Zuhura hakubisha hata neno moja. Alizunguka nyuma, akamfungua ng'ombe, jike lenye uso mweupe, akamleta mpaka barabarani mbele ya wateja. Paskali alipotaka kufungua kamba airudishe, yule mama alisema mpeleke na kamba, yeye hana kazi nayo tena. Nilidhani ni ukarimu.

Msichana tuliyemwajiri alitoka Katesh. Wiki mbili za kwanza nilikwenda mara tatu, nikakuta mambo yako sawa, nikaweka alama za vema. Kisha kazi za mkoa mpya zikanibeba. Kulikuwa na orodha ya yatima, kulikuwa na mafaili ya Arusha ya kurudisha, na fomu yangu yenyewe ilisema ufuatiliaji ni mara moja kwa mwezi. Hata hivyo nilikuwa na wasiwasi. Lakini mimi nina wasiwasi na kila kitu, na mtu anayeogopa kila kitu hana namna ya kujua hofu ipi ni ya kweli.

Nilipokwenda tena, nilisikia ng'ombe kabla sijaona nyumba. Walikuwa wanalia, hawajakamuliwa wala kutolewa zizini. Jiko lilikuwa baridi. Msichana alikuwa ameaga siku tatu nyuma kwamba anakwenda kumsalimia mama yake, na simlaumu, alikuwa peke yake akimwinua mtu mzito mara mbili yake. Mama Paskali alikuwa na jeraha usoni. Alikuwa amejaribu kwenda bombani, akaanguka. Kwa siku tatu alikuwa amemlisha mumewe kiporo cha ugali kilicholowekwa kwenye maji. Mzee alikuwa upande ule ule alioachwa. Nilipofunua shuka nikaona kidonda kwenye nyonga, upana wa kiganja changu, na harufu ikanipanda puani.

Nikamwamkia, kwa sababu sikujua la kufanya. Akaniitikia marahaba, kama siku zote.

Hospitali walimpokea. Muuguzi wa wodi ya wanaume, mtu asiyependa maneno mengi, aliniambia kidonda cha kulalia hakina dawa kubwa kuliko mikono ya watu. Kisafishwe kila siku, na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Asipogeuzwa kitafika kwenye mfupa, na kikifika huko ni habari nyingine. Kitanda wangeweza kumpa siku kumi. Baada ya hapo ataondoka, alisema, akauliza: nani atamgeuza?

Nilikwenda kwa Mama Eliza nikamweleza yote, na mpango nikamwonyesha, ile mistari myekundu. Aliusoma wote. Nilitamani anigombeze. Aliuliza tu kama nilipata kujua mwanzoni nani alikuwa anamgeuza.

"Kwani alikuwa anageuzwa?" nikauliza.

"Amelala mwaka mzima bila kidonda, mwanangu. Unadhani alijigeuza?"

Siku ile tulitembea nyumba kwa nyumba, yeye akiuliza mbaazi kwanza, na mimi safari hii sikutazama saa. Tukapata majibu. Akonaay, jirani wa juu, alipita kumgeuza alfajiri akienda shambani na jioni akirudi; yeye alikuwa na ng'ombe mmoja. Kaya mbili za upande wa mtoni, kila moja na ng'ombe wake, zilileta maji na kupika kwa zamu, na watoto wao walitumwa kuchungulia kila mara. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kunyoa ndevu na kumsomea Biblia, akishinda hapo mpaka saa nane. Naye alikuwa na ng'ombe. Mama Zuhura alikuja Jumanne na Ijumaa na sukari, sabuni na shuka zilizofuliwa. Ng'ombe watano, nyumba tano. Hakuna aliyekuwa ameandikwa popote. Nilimuuliza Mama Eliza yeye alijuaje. Akasema hakujua, ndiyo maana huwa anauliza.

Siku nne zilikuwa zimekwisha kati ya zile kumi. Nilikwenda Bonga peke yangu, na njiani niliipanga hotuba yangu mara nyingi kiasi kwamba nilipofika nilikuwa nimeisahau.

Mama Zuhura alikuwa anapima mchele. "Karibu, dada afisa," alisema bila kuinua macho. "Leo umekuja kuchukua nini? Kuku wako nyuma."

Wateja wakacheka. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akauliza yeye nimemkosea nini, maana ng'ombe hakuwa wake. Akamaliza kumhudumia mtu wa mchele, akamhudumia wa mafuta ya taa, akamhudumia mtoto aliyetaka kiberiti. Mimi nimesimama. Nikamwambia kuhusu kidonda, na kuhusu siku sita zilizobaki. Hapo akaweka kibaba chini.

"Mume wangu alipofariki, walikuja watu wengi kunipa pole," alisema. "Bura alikuja na ng'ombe anayekamuliwa. Si dini yangu, si kabila langu. Wanangu wamekunywa maziwa yale miaka sita. Mtu kama huyo akianguka, unangoja kuandikiwa barua ndiyo uende? Lakini mlikuja hapa, mbele ya watu, mkamfungua ng'ombe. Mimi nikaelewa nimeambiwa imetosha. Sasa mtu akikuambia imetosha, unaendaje tena kukaa kitandani kwake?"

Nikasema mzee hakusema hivyo. Niliyesema ni mimi, na sikujua kama nasema.

"Basi uliyesema imetosha ndiye uje useme haijatosha," alijibu. "Na mimi hapa nasikia vizuri zaidi kukiwa na ng'ombe."

Nilimwendea mzee wodini kumwomba ruhusa. Alikuwa na homa, lakini alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wale wawili waliouzwa mnadani hawakuwa na namna ya kurudi. Waliobaki walikuwa yule mwenye uso mweupe na wale wa upande wa mtoni. Warudi walikotoka, alisema. Paskali alipopigiwa simu gereji alikasirika, akauliza mpango ulikuwa wa nini sasa, akauliza kama serikali inacheza na wazazi wake. Kisha akasema tufanye haraka, na kwamba atatuma ujumbe Mererani kwa kondakta wa basi anayemfahamu, Daniel atafutwe mpaka apatikane.

Mama Eliza alishikilia kwamba mimi ndiye nimrudishe Bonga yule ng'ombe mwenye uso mweupe, kwa mkono wangu. Njia za mashambani sikuzijua, na niliogopa kupotea na mali ya watu, kwa hiyo nikachagua barabara kubwa, katikati ya mji, saa nne asubuhi, nimevaa sketi ya ofisini na begi begani. Mama Eliza nyuma yangu na mwavuli. Ng'ombe alisimama kila alipotaka. Stendi nzima ilitutazama. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akaniuliza kwa sauti, "Dada, mambo? Unaoa au unaolewa?" Kabla sijajua niweke wapi uso, Mama Eliza akamjibu kwamba bado nasoma, waniache. Kila mtu akacheka, na mimi pia nilicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha nikafikiria kama mkurugenzi angepita.

Mama Zuhura alituacha tusimame jua kali mpaka alipomaliza wateja. Alitoka akamzunguka ng'ombe, akamshika kiwele, akasema tumemharibu, hakukamuliwa vizuri. Nikasema nilichokuwa nimeambiwa niseme, kwamba haijatosha, na kwamba Mzee Bura anaomba. Katikati nilikosea maneno, nikaanza upya. Hakunisaidia. Alimwita binti yake amletee ng'ombe majani, akafunga duka mchana kweupe, akachukua kanga, akauliza yuko wodi namba ngapi.

Si wote waliorudi. Kaya za mtoni zilichukua ng'ombe wao na zamu zao kama vile hakuna kilichotokea. Mwalimu alikuja siku moja moja, kwa adabu. Akonaay hakuja. Ng'ombe aliyekuwa kwake alikuwa ameuzwa, na nilipokwenda kwake alizungumza nami akiwa ng'ambo ya uzio.

"Nikienda sasa, naenda kama nani?" aliniuliza.

Nilimwambia kama jirani. Akasema jirani anapita barabarani, haingii chumbani kwa mtu na kumshika nyonga. Niliaga, nikaondoka. Nimewahi kurudi kwake mara tatu katika miaka iliyofuata, na mara zote alinipa kiti na chai, na hakunipa jibu jingine.

Siku ya tisa Daniel alifika kutoka Mererani na shati moja na kikohozi. Hakuulizwa habari za jiwe. Ni yeye aliyembeba baba yake kutoka hospitali, na ni yeye aliyeshika usiku, kila saa mbili, kwa saa ya kengele aliyoazima kwa mwalimu. Mchana ulikuwa wa Mama Zuhura na watu wa mtoni, na Paskali akawa analeta dawa na godoro badala ya maswali. Kidonda kilianza kufunga kutoka pembeni. Mbaazi zilipovunwa, kilikuwa kimebaki kovu la rangi ya waridi, na muuguzi yule wa maneno machache alikuja kuliangalia akasema "mm".

Nilikwenda kumwomba mzee msamaha, na hotuba safari hii niliikumbuka yote. Aliisikiliza. Kisha akaniuliza wazazi wangu wako wapi. Nikasema baba alifariki, mama yuko Kilosa.

"Ana nani?" akauliza.

Nikasema namtumia matumizi kila mwezi, sijakosa hata mmoja. Akauliza tena ana nani. Nikasema nimemkatia na bima. Akauliza mara ya tatu, kwa upole, kama vile mwenye kiharusi ni mimi.

Mzee Bura aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alifia kitandani pake, ngozi nzima, watu wamejaa mpaka nje. Akonaay alikuja kuchimba kaburi.

Tangu hapo niliacha kuuliza nani anamlea mzee. Niliuliza jana alikuja nani, na juzi, na nani amechota maji haya. Ikifika zamu ya gharama, nilihesabu dawa na godoro na nauli kama mnavyofanya ninyi, maana familia zinazosema "tutaona" huishia kuuza shamba kwa bei ya dharura. Lakini kabla ya kushauri chochote kiuzwe, niliuliza kitu hicho kimemfunga mzee na nani. Na niliwasihi watoto wakae kikao wazazi wakiwa bado wanatembea na wanaweza kubisha. Wengi waliniambia ni uchuro. Nilielewa. Mimi mwenyewe kikao changu sikukaa.

Mama yangu nilimchukua kutoka Kilosa mwaka jana, baada ya kusahau moto wa jiko mara mbili. Nilimleta hapa Maisaka, nyumba yangu ikiwa na uzio na geti, na ndipo nilipoandika zile barua nne. Niliwaza dawa zake, niliwaza chakula, nilitengeneza ratiba nikaibandika ukutani. Anaamka usiku akitaka kwenda kwao, ananiita kwa jina la dada yake. Na niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi niliyeendesha vikao vya familia za watu miaka yote hii, nilikuwa namfungia mama yangu ndani kwa ufunguo ili niende sokoni. Nilikuwa narudi nikikimbia. Majirani nilikuwa nawasalimia vizuri, kutoka mbali, kama mtumishi.

Wiki iliyopita dawa zilikwisha na foleni ya hospitali si ya kukimbia ukarudi. Nilisimama getini muda mrefu. Nilifikiria Mama Halima wa nyumba ya pili ana kazi zake, nilifikiria ataona choo chetu, nilifikiria mama atamtukana. Nikafikiria nianze na kueleza ugonjwa au nianze na kuomba. Mwisho miguu ikaenda yenyewe.

"Mama Halima, hodi. Nina shida."

Alitoka akifuta mikono. Nilianza kueleza kwa mpangilio, na nilikuwa bado kwenye utangulizi aliponikatiza.

"Miezi saba tunamsikia bibi anagonga mlango," alisema. "Tukasema labda ninyi hamtaki watu."

Akanipita, akaingia getini kwangu bila kungoja, akavua ndara mlangoni. Nilimsikia akimwamkia mama. Na mama, ambaye siku hizi hanijui jina, alimwambia aketi, akamuuliza mbona amechelewa.